Roadster Yako: Anza na Matairi, Ekzosi Itangoja

Tuseme umeagiza Mazda Roadster kutoka Japani, ile ndogo ya viti viwili na paa la kukunja ambayo nchi zingine huiita MX-5. Imeshuka Mombasa, umelipa ushuru, imesajiliwa, na kwenye simu zimebaki shilingi 80,000. Mkono unawasha. Mtandaoni kuna ekzosi inayonguruma, kuna rimu nyeusi, kuna springi za kushusha gari, na kila muuzaji anakwambia "tuma pesa, mzigo unatoka leo." Kabla hujaweka PIN, hebu tupange.

Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hivyo Roadster inayokuja siku hizi ni ya kizazi cha nne, kile kilichoanza mwaka 2015. Yenye injini ya lita 1.5 ina uzito wa kama kilo 1,000 hivi. Wepesi huo ndio raha yake, na ndio unaoamua ununue nini. Gari nyepesi ina mbio za kutosha hata na injini ndogo. Kinachokusaidia ni kushika barabara vizuri na kusimama unapotaka.

Kwa hivyo, matairi kwanza. Gari ya mitumba inaweza kufika na matairi yenye meno mazuri kabisa, lakini mpira umezeeka na kukauka. Angalia ubavuni mwa tairi, mwisho wa ule mstari unaoanza na DOT, utaona tarakimu 4. Ukisoma 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zee halishiki lami ikinyesha, na gari hii inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hivyo ukikanyaga mafuta kwenye kona yenye maji, nyuma inaweza kukuponyoka. Saizi ya kiwandani ya hiyo ya lita 1.5 ni 195/50R16. Kaa nayo. Rimu kubwa zaidi kwa kawaida huwa nzito zaidi, na uzito wa gurudumu huumiza kuliko uzito wa mzigo kwenye buti, kwa sababu shokabu lazima liudhibiti kila ukigonga shimo. Halafu usidanganywe na mtu anayekwambia "hizi za Vitz zinaingia." Ni kweli Vitz nyingi zina boliti 4 kwa kipimo cha 100 kama Roadster, lakini tundu la katikati na jinsi rimu inavyokaa ndani au nje vinaweza kutofautiana. Ijaribu kwenye gari ndipo ulipe.

Kitu cha pili ni cha bei ndogo na watu wengi hukiruka: mafuta ya breki. Haya huvuta unyevu kutoka hewani polepole, mwaka baada ya mwaka. Ukishuka Mai Mahiu huku umekanyaga breki njia nzima, joto linapanda, yale maji yaliyoingia yanachemka, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Mwambie fundi atoe yote ya zamani na kuweka mapya ya DOT 4, si kuongezea juu. Akiwa hapo, akague breki padi. Matairi mapya yakishafungwa, piga alaimenti, la sivyo yataliwa upande mmoja kabla hujayafurahia.

Ekzosi je? Injini hii haina turbo. Ukibadilisha kile kipande cha nyuma peke yake, unanunua sauti, karibu hakuna nguvu inayoongezeka. Kama unapenda sauti, sawa, ni pesa zako. Springi za kushusha gari sizipendekezi kabisa, labda uwe unaishi mahali pasipo na matuta, na mimi bado sijapajua mahali hapo.

Katika vikorombwezo, kimoja ni cha lazima: pampu ndogo ya upepo pamoja na vifaa vya kuziba pancha. Roadster haina tairi la akiba, na buti ya lita kama 130 haina nafasi ya kulibeba. Cha pili ni kifuniko cha gari kama unaegesha juani, maana paa ni la kitambaa.

Sasa malipo

Spea feki za breki zipo, na hapa ndipo pesa hupotea. Ukienda Kirinyaga Road, fungua boksi, linganisha na padi kuukuu mkononi, ndipo ulipe kwa namba ya till ya duka. Jina likitokea kwenye skrini, lisome. Kama bango linasema jina moja na simu inaonyesha lingine, uliza kwanza. Akikwambia "till imeharibika, tuma kwa namba yangu," jua ukilipa hivyo rekodi yako itaonyesha ulimtumia mtu binafsi, na ukirudi kudai duka linaweza kukuruka.

Tena, ile SMS ya malipo inathibitisha kwamba pesa zilitoka. Haisemi ulinunua nini. Dai risiti yenye namba ya spea, tarehe na muda wa kurudisha, kisha ipige picha ukae nayo pamoja na SMS.

Muuzaji wa mbali akitaka malipo ya kwanza kabla hujaona kitu, mwombe alete mzigo ulipe ukiupokea. Akikataa, tafuta mwingine. Ukikosea namba, omba kurudishiwa hapo hapo, kwa sababu aliyepokea akishazitoa au kuzitumia, hatuwezi kukuahidi kwamba zitarudi. Na hakuna mhudumu wetu atakayekuuliza PIN ili "akusaidie kurudisha."

Kama 80,000 haitoshi vyote, fanya mafuta ya breki wiki hii, kwa kuwa ndiyo rahisi, matairi yakifuata. Zinazobaki ziweke kwenye akiba ya simu, mbali na salio la kila siku, hadi zifike za padi.