Dakika 90 za kazi, siku sita za kungoja

Mwenye kibanda cha chakula anayetaka leseni huanza kwa afisa wa biashara, akaelekezwa kwa afisa wa afya ya umma, kisha kwa wazima moto, na mwishowe akarudi alikoanzia. Kila siku anayozunguka ni nauli na mauzo yaliyopotea. Kaunti nayo inagharamika kwa mishahara, karatasi na vyumba vya kuwekea faili zinazongoja.

Kisa kinachofundisha mengi kuhusu hali hii ni cha IBM Credit ya Marekani, iliyokuwa ikiwakopesha wateja wa IBM. Michael Hammer na James Champy walikisimulia katika kitabu chao cha 1993, Reengineering the Corporation. Ombi moja la mkopo lilichukua wastani wa siku sita, wakati mwingine wiki mbili. Lilipitia hatua tano: kupokelewa, kukagua uwezo wa mteja, kurekebisha mkataba, kupanga riba, na kuandika barua. Wakati huo wote mteja angeweza kukopa kwingine.

Dawa ya kwanza ilikuwa dawati la kufuatilia faili. Kila idara ilirudisha faili hapo kabla ya kwenda idara nyingine. Muuzaji aliyepiga simu sasa aliambiwa faili iko wapi, lakini ombi lilichelewa zaidi. Ofisi nyingi hufanya kosa hili hadi leo, safari hii kwa kompyuta.

Ndipo mameneja wawili wakalibeba ombi moja wenyewe kutoka ofisi hadi ofisi, wakimwomba kila mfanyakazi alishughulikie papo hapo. Kazi yote iliisha kwa dakika 90. Siku zilizobaki, faili ilikuwa imelala mezani.

Waligundua pia kwamba utaratibu ulipangwa kwa ajili ya ombi gumu kuliko yote, ilhali mengi yalikuwa mepesi. Basi afisa mmoja akapewa ombi kuanzia mwanzo hadi mwisho, akisaidiwa na programu ya kompyuta. Wataalamu wachache walibaki kwa maombi magumu. Muda ukashuka hadi saa nne, na idadi ya wafanyakazi ikapungua kidogo ingawa maombi yaliyoshughulikiwa yaliongezeka mara mia.

Hapa Kenya, vituo vya Huduma, vilivyoanza Nairobi mwaka wa 2013, vilikusanya ofisi nyingi chini ya paa moja. Hilo linapunguza mwendo, lakini ombi lenye saini tano bado lina saini tano.

Si kila hatua ya kufutwa. Jiko lazima likaguliwe, na mtungi wa kuzima moto pia, kwa kuwa maisha ya watu yamo humo. Hata hivyo maafisa wawili wanaweza kuzuru kibanda siku moja, na duka dogo la nguo halihitaji njia ile ile ya hoteli kubwa.

Mswada wa Fedha wa kaunti unapoletwa kwa wananchi kutoa maoni, mkaazi ana haki ya kuuliza, kando na kiwango cha ada, leseni yake inapitia mikono mingapi na kila mkono unakagua nini.