Maji Yamekwisha, Uchungu Umebaki



Mvua za masika za mwaka 2024 hatutazisahau. Mwezi wa Aprili Mto Athi ulivunja kingo, na maji yakaingia nyumbani mwa watu hapa Athi River na upande wa Kitengela. Katika Kenya nzima walikufa watu zaidi ya 200, na tarehe 10 Mei ikawekwa kuwa siku ya kuwaombolezea. Matope yaliondolewa, na magodoro mengine yakanunuliwa. Lakini ziko nyumba ambamo wingu likitanda tu jioni, mume hunyamaza na mke huanza kufoka. Leo tuzungumze juu ya nyumba hizo.

1. Hofu si wazimu

Aliyeponea chupuchupu katika mafuriko huweza kukosa usingizi, kushtuka asikiapo mvua juu ya mabati, kusahausahau, au kukasirika bure. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani huweza kuanza tena. Hayo ni ya kawaida kwa mtu aliyepatwa na msiba, na kwa wengi hupungua polepole baada ya majuma kadhaa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi usimwambie mwenzako, "Mama watoto, acha utoto." Amka, uketi naye mpaka mvua ipungue.

2. Kila mtu ana namna yake ya kulia

Pengine mke anataka kusimulia usiku ule mara kumi. Mume anataka kupiga misumari na kutafuta pesa, wala hataki kuusikia. Mke husema moyoni, "Huyu hana uchungu." Mume naye husema, "Huyu anachokonoa kidonda." Kumbe wote wawili wana uchungu uleule! Patanene muda mfupi kila jioni, watoto wakiisha lala: mmoja aseme, mwingine asikilize bila kumkatiza wala kumhubiria.

3. Msitafute mwenye makosa

Neno linalovunja nyumba kuliko maji ni hili: "Nilikuambia tusinunue kiwanja kile." Mwenzako amekwisha jiambia hivyo mara mia. Afadhali mwulizane, "Baba watoto, masika yajayo tufanyeje?" Je, tuhame? Tuinue msingi? Vyeti vya watoto na hati ya kiwanja tuviweke wapi?

Mkumbukeni Ayubu. Mkewe aliposema maneno ya kukata tamaa, tunazoea kumlaumu. Lakini watoto kumi waliokufa walikuwa wake pia. Maneno makali mara nyingi ni kilio kilichokosa mahali pa kutokea.

4. Msibebe peke yenu

Rafiki za Ayubu walipofika, waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Huo ulikuwa msaada. Walipoanza kumtafutia dhambi iliyoleta balaa, waliharibu. Nanyi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mkienda kwa waliopatwa, msiwaambie ni adhabu ya Mungu. Pelekeni unga, fueni nguo, wachukueni watoto mchana mmoja ili wazazi wapumzike.

Lakini iwapo mwezi umepita na mtu bado halali, hali, ameshindwa na kazi, au amekimbilia pombe, hapo panahitajika mtu mwenye ujuzi. Nendeni hospitali, au kwa mshauri wa unasihi, au mwombeni Paroko awaelekeze. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya nalo husaidia watu kwa njia ya simu, namba 1199, bila malipo. Na akisema kwamba heri afe, msingoje hata siku moja, wala msimwache peke yake.

Maswali ya kuzungumza ninyi wawili

1. Tangu mafuriko yale, ni jambo gani sijakuambia?
2. Ni neno gani langu lililokuumiza?
3. Mvua ikinyesha usiku, ungependa nikufanyie nini?

Anzeni na la tatu, maana ndilo jepesi. Na usiku mvua itakaponyesha, lifanyeni.