Trafiki Huhama, Kibao Hakihami: Programu za Ramani na Tochi ya Chini ya Usambara

Programu za ramani humwonya dereva kuhusu tochi ya trafiki, yaani kipima mwendo cha askari, kwa njia mbili. Ya kwanza ni arifa za madereva wenzake: aliyetangulia akiwaona askari hubonyeza kitufe, na wanaomfuata husikia mlio kabla hawajafika. Waze, iliyoanzia Israeli na kununuliwa na Google mwaka 2013, imejengwa juu ya njia hiyo, na ramani ya Google yenyewe ilianza kupokea arifa za namna hii mwaka 2019. Njia ya pili ni kumbukumbu zilizomo ndani ya ramani, yaani kikomo cha mwendo cha kila kipande cha barabara na mahali penye kamera za kudumu. OsmAnd na Organic Maps hufuata hii ya pili. Huchota data ya OpenStreetMap, na hufanya kazi bila intaneti mradi ramani imepakuliwa mapema.

Sheria za nchi hutofautiana kuhusu onyo lenyewe. Ujerumani humkataza dereva kutumia kifaa au programu ya kumfichulia kamera akiwa safarini. Nchini Ufaransa programu haitaji kamera, bali hutangaza eneo la hatari ambalo kwenye barabara za mwendo kasi huweza kufika kilomita 4, ili dereva asijue askari yuko wapi hasa. Februari 2019 polisi wa jiji la New York waliiandikia Google wakitaka Waze iache kuonyesha vituo vya kupima ulevi. OsmAnd, kwa sababu ya tofauti hizo, humwachia mtumiaji achague kubaki na alama za kamera au kuziondoa. Ugomvi wote huo ni juu ya mahali alipo askari. Kikomo cha mwendo ni jambo jingine kabisa, kwani kimeandikwa barabarani ili kila mtu akisome, na mbinu inayoelezwa hapa inakitegemea hicho peke yake.

Kwa Tanzania, tochi ni kifaa cha mkononi cha leza chenye kamera. Askari hulielekezea gari lingali mbali, mita mia kadhaa, picha hubaki na mwendo uliopimwa, na mara nyingi picha hiyo hutumwa kwa WhatsApp kwa mwenzake aliye mbele, ambaye ndiye anayesimamisha gari. Kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Nje ya makazi mabasi na magari yanayozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuvuka 80. Anayeandikiwa hulipa shilingi 30,000 kwa kosa, na kwa bodaboda na bajaji kiwango kilishushwa hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Mpangilio huu wa askari wawili unaeleza kwa nini onyo la "polisi mbele" huchelewa. Alama ya kwenye ramani huwekwa pale gari liliposimamishwa, na hapo picha ilishapigwa zamani.

Umbo la milima ya Usambara nalo lina neno lake. Anayetoka Chalinze hupita Mkata, Kabuku, Segera na Korogwe hadi Mombo. Hapo anayekwenda Lushoto hukunja kupanda mlima kupitia Soni, na anayekwenda Same na Moshi huendelea kwa Mazinde, Mkomazi, Hedaru na Makanya. Milima imesimama upande mmoja kama ukuta, na chini yake njia ni moja tu. Ndiyo maana karne ya 19 Semboja, mtawala wa ukoo wa Wakilindi, aliweka makao yake Mazinde na si Vugha, mji wa wafalme wa Wasambaa kule juu: misafara yote ya biashara ilipita hapo chini, na hongo ililipwa hapo. Kwa dereva wa leo maana yake ni kwamba hakuna njia ya mchepuko, na vibao vya hamsini ni vile vile kila safari.

Arifa za madereva zina udhaifu mkubwa katika barabara hii. Arifa huishi kwa kuthibitishwa na wengine wanaopita, nayo huhitaji watu wengi waliowasha programu moja kwa wakati mmoja na mtandao usiokatika. Malori, mabasi na magari ya Noah yanayopita Mombo alfajiri hayana utaratibu huo. Madereva wake wana taa: wawili wakipishana na mmoja akawasha na kuzima, ujumbe umefika. Taa hiyo ni ya kweli kuliko arifa nyingi, ila haimsaidii anayesafiri peke yake usiku barabara ikiwa tupu, na haimfikii anayepishana na mgeni asiyejua desturi.

Mbinu iliyodumu ni kuweka alama kwenye vibao na kuwaacha askari. Trafiki huhama, leo yuko chini ya mwarobaini, kesho nyuma ya daraja. Kibao cha hamsini hakihami. Dereva aliyeshuka hadi 50 kwenye kila kibao na kubaki hapo hadi kibao cha kumaliza hana haja ya kujua tochi iko wapi.

Hatua zake si nyingi. Pakua OsmAnd na ramani ya Tanzania ukiwa na mtandao mzuri mjini. Fungua mipangilio ya sauti, washa onyo la kuvuka mwendo, kisha washa kutangazwa kwa maeneo pendwa yaliyo karibu. Mambo hayo yote yako kwenye menyu na hayamsumbui mtu.

Kazi yenyewe ni kuweka alama, na hufanywa na abiria, si dereva. Mwandishi wa makala haya alimpakia mpwa wake kiti cha mbele, na kuanzia Korogwe kila kibao cha hamsini kilipoonekana kijana alihifadhi eneo. Jina la alama liwe fupi na lenye kutamkika: "Hamsini Mazinde", "Hamsini Mkomazi". Hata sauti ya simu ikiwa na lafudhi ya kigeni, neno hilo husikika. Alama ya pili huwekwa kwenye kibao cha kumaliza, na hii ndiyo inayosahaulika na wengi. Dereva akishaona nyumba zimepungua hukanyaga mafuta kabla ya kibao, na askari mwenye uzoefu anajua hivyo, kwa hiyo hukaa upande huo huo. Alama ya mwisho iitwe "Bado Mazinde", na isogezwe mbele hadi kwenye kibao chenyewe kabisa.

Ya mwanzo, kinyume chake, isogezwe nyuma. Gari lililo kwenye 80 hukata mita 22 kwa sekunde, na lililo kwenye 100 karibu mita 28. Alama ikikaa juu ya kibao, sauti huja mguu ukiwa bado kwenye mafuta na leza ikiwa imekwisha kusoma. Ikisogezwa mita 400 nyuma, mwenye 80 ana sekunde 18 za kuachia mafuta na kushuka taratibu bila kumtisha aliye nyuma yake. Kusogeza hufanyika nyumbani, kwenye ramani, kwa kidole. Upande wa kurudi huwekewa alama zake, kwa kuwa kibao cha kuingia kijijini kutoka Mkomazi hakiko pamoja na kile cha kutoka Mombo. Mwisho, safari iwashwe kwa kuchagua kituo cha kufikia, maana ramani iliyofunguliwa tu bila safari haitangazi kitu.

Matunda ya kazi hiyo yalionekana asubuhi moja ya msimu wa plamsi na pichesi. Pikapu ilikuwa imetoka Lushoto giza lingalipo, ikashuka Soni, ikapakia masanduku ya mwisho Mombo na kushika njia ya Same. Kwenye dashibodi zilikuwa simu mbili: moja na programu ya arifa ambayo madereva wengi mjini huisifu, nyingine na alama za vibao. Kabla ya Mazinde ile ya arifa ilipiga kelele kwamba polisi wako mbele, mahali penye mikonge mitupu pande zote mbili. Hapakuwa na mtu. Kilomita chache baadaye ikanyamaza kabisa, na simu ya pili ndiyo iliyosema "Hamsini Mazinde". Mwendo ukashuka. Nyuma, gari dogo jeupe lilipiga honi, likawasha taa na kupita kwa hasira.

Mzee mmoja wa Mlalo, aliyeomba lifti hadi Same, aliuliza: "Mwanangu, mbona umepunguza na njia ni nyeupe?" Akajibiwa, "Shikamoo tena baba, tuvute subira hadi kibao." Simu ikasema "Bado Mazinde", nyumba zikaisha, na pikapu ikabaki kwenye 48. Mbele ya kibao cha kumaliza lile gari jeupe lilikuwa limeegeshwa pembeni, dereva wake akisaka leseni. Askari aliitazama pikapu, akaipungia ipite. Yule mzee alisema, "Alhamdulillahi," akajifunika koti lake vizuri, na shilingi 30,000 zikabaki kuwa faida ya plamsi. Ulikuwa ushindi mtamu, na haukuhitaji kujua askari amesimama wapi.

Vifaa vinavyouzwa pembeni ya jambo hili vingi havifai. Vishikio vya simu vya kunyonya kioo vinavyotembezwa stendi huachia joto la bondeni likipanda, na kimoja cha namna hiyo kiliwahi kuangusha simu chini ya pedali kwenye kona ya mlima, jambo ambalo lingeweza kuua watu. Kishikio cha kubana kwenye matundu ya kiyoyozi ni bora mara nyingi, hata kama bei yake ni ya juu. Wauzaji wa "kinasa tochi" nao wasisikilizwe. Kifaa hicho hulia leza inapoligusa gari, na leza ikiligusa gari kipimo kimekwisha kuchukuliwa. Muuzaji anayeahidi vinginevyo anauza maneno.

Jambo moja dogo kuhusu namba: mwendo wa GPS kwa kawaida huwa chini kidogo ya ule wa dashibodi, kwa sababu watengenezaji wa magari huweka mshale usome juu, kamwe si chini. Dereva akifuata mshale yuko salama zaidi. Magurudumu yenye kipimo tofauti na cha kiwandani huharibu hesabu hiyo, na hapo GPS ndiyo ya kuaminiwa.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona, haina haja kubwa ya haya yote. Simu hupoteza mahali kwenye makorongo na wakati mwingine huliweka gari kwenye kipande cha barabara kilicho chini yake. Kule kinachookoa ni gia ndogo wakati wa kushuka, honi kwenye kona na kumpisha anayepanda na mzigo. Mvua za masika zikiporomosha udongo, hakuna programu itakayomwambia dereva kabla ya mkulima anayepita kwa miguu.

Uzito wa suala hili hauko kwenye faini. Februari 2023, Magila Gereza wilayani Korogwe, lori aina ya Fuso na Coaster iliyokuwa ikisafirisha msiba ziligongana usiku, na watu wasiopungua 17 wakapoteza maisha kwenye barabara hii hii. Makazi yaliyo kando yake yana watoto wanaovuka kwenda shule na kina mama wanaouza nyanya hatua chache kutoka kwenye lami.

Aliyekamilisha alama zake asizifungie kwenye simu yake. Akaunti ya OpenStreetMap ni bure, na kikomo cha 50 kikiandikwa kwenye kipande sahihi cha barabara, kila anayetumia OsmAnd au Organic Maps atakiona, awe wa Mlalo, Bumbuli au Dar es Salaam. Anayejua vibao vya kijijini kwake na avijaze.