Mafunzo Niliyopata Kwenye Sufuria ya Isyo

1. Mlaji si mimi peke yangu. Kwetu Kalamba, Makueni, mbaazi hupikwa mara nyingi kuliko nyama. Zile nyuzinyuzi zake ambazo mwili wangu hauwezi kuzisaga hushuka hadi utumbo mpana, bakteria huko wakazichachusha. Asidi wanazotoa hulisha ukuta wa utumbo.

2. Muthokoi una kasoro, na najua shangazi yangu atanuna. Mahindi hutwangwa kinuni hadi ganda litoke, kisha makapi tunawapa kuku. Hicho ndicho chakula cha bakteria wetu! Isyo, yaani mchanganyiko wetu wa mahindi na mbaazi, hupikwa kwa mahindi mazima. Muthokoi bado naula, ila mbaazi huwa nyingi kuliko mahindi.

3. Tumbo na ubongo huwasiliana, lakini si kama wanavyodai wauza vidonge. Ni kweli karibu asilimia 90 ya serotonini hutengenezwa utumboni, ila hiyo haivuki kuingia ubongoni. Habari hupita kwingine: neva ya vagasi, kinga ya mwili, kemikali za bakteria. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria wowote, wakibanwa, homoni zao za mfadhaiko hupanda kupita kiasi. Panya, lakini.

4. Kuhusu watu, ushahidi uko jirani. Utafiti uliochapishwa 2025 ulihusisha wanaume 77 wa Kilimanjaro. Wa vijijini walilishwa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili. Wa mjini wakala vyakula vya asili. Wengine wakanywa mbege, pombe ya asili ya ndizi, kwa wiki moja. Kwa wala chipsi, viashiria vya uvimbe katika damu vilipanda. Kwa waliorudia vya asili, na kwa wanywa mbege, vilishuka. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye.

5. Cha asili kinaweza kuua. Mwaka 2004 sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini iliwapata watu 317, wengi wao Makueni na Kitui, 125 walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na kuyachemsha hakuondoi sumu hiyo. Kwa hiyo mahindi yangu hukauka sawasawa kwenye turubai kabla ya kuingia ghalani, na yenye ukungu hayafiki jikoni.

6. Gesi ipo. Loweka mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji, anza na kidogo, ongeza polepole. Siku ya kupanda matatu kwenda mjini Wote, mimi hunywa uji tu.