Somo: Kujua Faida ya Mgahawa kwa Lahajedwali

Mgahawa unaweza kujaa wateja kutwa nzima na bado ukala mtaji. Fedha iliyomo kwenye droo jioni si faida. Ndani yake imo kodi ya pango, mishahara na mchele wa kesho. Kabla ya kukopa au kuajiri, ni vyema kuzitenga hesabu hizo katika lahajedwali, programu inayopatikana hata kwenye simu.

Kwanza, gawa gharama katika mafungu mawili. Zipo zinazofuata idadi ya sahani: mchele, maharage, mafuta na mkaa. Zipo zinazodaiwa hata asipoingia mteja: pango, leseni, na mishahara pamoja na mchango wa mwajiri wa hifadhi ya jamii. Ujira wako mwenyewe uwemo humo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika safu A andika majina ya hesabu. Katika safu B andika tarakimu tupu, bila neno "shilingi":

B1: bei ya sahani, 3000
B2: gharama ya chakula kwa sahani, 1400
B3: gharama za kudumu kwa mwezi, 960000
B4: =B3/(B1-B2)

Jibu la B4 ni 600. Hizo ndizo sahani zinazorudisha gharama zote za mwezi. Kwa siku 26 za kazi, ni sahani 24 kila siku. Faida huanza baada ya hapo, nayo bado haijakatwa kodi ya mapato.

Manufaa ya lahajedwali ni kwamba ukibadili tarakimu moja, majibu hujirekebisha. Mchele ukipanda na B2 ikawa 1600, utahitaji sahani 686. Gharama ikibaki 1400 lakini ukaajiri mtu wa kumlipa 250,000 kwa mwezi, utahitaji sahani 157 zaidi ya zile 600. Jiulize: je, wateja hao wapo?

Tahadhari: usikisie B2. Pima chakula cha wiki nzima kwa risiti za sokoni, kisha gawanya kwa sahani zilizouzwa, si zilizopikwa. Kwa njia hiyo, chakula kilichomwagwa na kilicholiwa nyumbani vitaonekana katika hesabu. Rudia zoezi hili kila mwezi, na usisaini mkataba wa mkopo kabla rejesho lake halijaingizwa katika B3.