Kabla ya Kununua Nganda Kolwezi: Karatasi Zinazobaki na Zinazoondoka na Mwenyewe

Nganda nyingi za Kolwezi hubadilisha mwenyewe kimyakimya. Aliyekuwa nayo anahamia Lubumbashi au anarudi kwao Dilolo, anamwita mtu anayemwamini, wanapatana bei kwa dola, wanaandika kikaratasi mbele ya mashahidi wawili, funguo zinatolewa. Kesho yake bia inauzwa kama kawaida. Shida inaanza siku mtumishi wa komini, au wa DRLU, idara ya mapato ya Jimbo la Lualaba, anapoingia na kuomba karatasi. Jina lililoandikwa juu yake ni la mtu ambaye hayuko tena mjini, na simu yake haipatikani.

Ukitaka kununua baa au terasi iliyokwisha kufanya kazi, iwe Dilala, Manika au kule Fungurume, shika jambo hili mapema: ruhusa ya kuuza pombe hupewa mtu fulani kwa mahali fulani. Haihami pamoja na viti na friji.

Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, tarehe 12 Septemba 2012, na tangu hapo uuzaji wa biashara nzima, ule ambao mwanasheria atauita fonds de commerce, una kanuni zake. Wateja na jina la biashara ndio kiini chake. Vitu vingine, kama vyombo, bidhaa zilizobaki, haki ya kupanga jengo na leseni za kazi, vinaweza kuingia katika mauzo, lakini kwa sharti kwamba vimetajwa waziwazi katika maandishi. Kwa hiyo kikaratasi kinachosema tu "nimemuuzia fulani baa yangu" hakikulindi. Leseni iandikwe kwa namba yake, tarehe yake na ofisi iliyoitoa. Hata hapo mkataba unakufunga wewe na muuzaji tu. Ofisi iliyotoa ruhusa ndiyo yenye uwezo wa kuweka jina lako.

Ndiyo sababu nasisitiza uende na muuzaji komini kabla hujatoa hata dola moja. Mbele ya mtumishi, ulizeni pamoja: ruhusa hii bado ni halali? Malipo ya mwaka huu yamefanyika? Inaweza kuandikwa jina jipya, au mnunuzi aanze ombi lake upya? Ukiwa nje ya mji, ofisi ya kuendea ni ya sekta au ya usultani, kwa maana sheria ya 7 Oktoba 2008 inazihesabu nazo kuwa mamlaka za mahali sawa na komini. Muuzaji akikataa kwenda nawe, usilipe.

Sheria hiyo ya OHADA inataka pia mkataba useme mengi ambayo watu wetu huyaficha: mapato ya mauzo ya kila mwaka kwa miaka 3 iliyopita, rehani au dhamana zilizowekwa juu ya biashara, mkataba wa upangaji na bei. Nakala inapelekwa kwenye rejista ya biashara, RCCM, inayotunzwa na masijala ya Mahakama ya Biashara. Ndani ya siku 15 mnunuzi atangaze mauzo katika gazeti linaloruhusiwa kuchapa matangazo ya sheria. Bei haiendi mfukoni mwa muuzaji moja kwa moja: inakaa kwa notari au benki siku 30 tangu tangazo litoke, ili wanaomdai wajitokeze na kupinga. Wengi hudhani utaratibu huu ni wa makampuni ya shaba na kobalti peke yake. Mimi naona mwenye nganda anauhitaji zaidi, kwa sababu kampuni kubwa ikidanganywa ina wanasheria wa kuipigania, ila mama aliyeweka akiba ya miaka ndani ya baa moja hana wa kumrudishia fedha zake.

Madeni ya baa yamejificha mahali ambapo macho hayafiki haraka. Hesabu vidange, yaani chupa tupu na kreti zake. Kreti zilizopangwa nyuma ya ukuta zinapendeza, lakini chupa tupu na kreti mara nyingi ni za depo, nazo zitadaiwa kwako. Friji yenye rangi na nembo ya kiwanda cha bia, pamoja na miavuli na viti vya plastiki vya aina hiyo, huenda ni mkopo kutoka kiwandani au kwa msambazaji, na muuzaji hana haki ya kuviuza. Omba karatasi ya kila kimoja. Omba pia bili za mwisho za umeme (SNEL) na maji (REGIDESO), na stakabadhi za malipo ya wafanyakazi kwa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama walikuwa wameandikishwa.

Halafu jengo. Muuzaji akiwa mpangaji, kukuachia upangaji wake hakukamiliki mpaka mwenye nyumba amejulishwa kwa njia inayoacha ushahidi kwamba amepokea taarifa. Mwenye nyumba ana mwezi 1 wa kupinga mahakamani. Aliyefanya biashara mahali pamoja kwa miaka 2 ana haki ya kuomba upangaji ufanywe upya, na ombi litolewe angalau miezi 3 kabla ya mkataba kuisha. Soma tarehe hizo kwa makini: kuna watu wamenunua baa iliyobakiwa na wiki chache za upangaji.

Ukishajua unachonunua, tazama karatasi zako mwenyewe. Biashara ndogo hufanywa kwa patenti, na sheria ya 8 Agosti 1990 imeitengea Wakongo. Mgeni, awe Mzambia, Mtanzania au Mchina, anapita njia ya RCCM, na kujificha nyuma ya jina la Mkongo ni hatari kwa wote wawili: mwenye jina ndiye atakayedaiwa, na mwenye fedha hatakuwa na karatasi ya kuonyesha. Kwa anayejiandikisha, GUCE, dirisha moja la kuanzisha biashara, linakusanya maombi ya RCCM na ya namba ya kodi kwa pamoja.

Mwanamke aliyeolewa ana habari njema tangu 15 Julai 2016. Zamani Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka apate ruhusa ya mume kwa vitendo vya kisheria. Marekebisho yaliondoa hilo: sasa mume na mke wanatakiwa kukubaliana, na mume anahitaji ridhaa ya mke vilevile. Karani akikudai barua ya ruhusa ya mume, mkumbushe. Na muuzaji akiwa ameoa au ameolewa, mwombe mwenzake naye atie sahihi. Ugomvi mwingi huzuka pale mke anapokuta baa ya familia imeuzwa bila yeye kujua.

Kuhusu mahali, Kenya iliandika katika sheria yake ya 2010 kwamba baa iwe mbali na shule angalau mita 300. Hata kama komini yako haikupimii, ni kipimo kizuri cha kujiwekea, hasa katika mitaa iliyobanana kama Kasulo. Sheria ya 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Usimuuzie, wala usimweke kubeba chupa usiku. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, nayo haifunikwi na leseni yako ya bia, na pombe kali isiyojulikana ilikotoka inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Pombe kali uinunue kwa msambazaji anayekupa fakturi, na chupa ziwe na stempu ya ushuru ya DGDA, idara ya forodha.

Mwisho, fedha. Wengi watakuja mlangoni: afya na usafi, utalii ukiuza chakula, SOCODA, shirika la haki za watunzi, ukipiga muziki wa watu, komini na jimbo. Orodha ya kodi na ushuru wa majimbo na mamlaka za mahali ilipangwa na sheria ya 13 Machi 2018, kwa hiyo kila anayedai anapaswa kukutajia jina la ushuru wake. Madai ya kweli huja na karatasi, mara nyingi iitwayo note de perception, yenye jina lako, kiasi, na akaunti ya benki. Lipa benki, si mkononi. Stakabadhi ya benki ibane nyuma ya karatasi hiyo, piga picha zote mbili kwa simu, kisha weka karatasi zenyewe kwenye faili moja chini ya kaunta, mahali ambapo hata msaidizi wako wa usiku anaweza kuifikia mtumishi anapoingia wewe ukiwa haupo.