Deni Halikimbiwi



Kuna katuni ya Marekani ya mwaka 1943 iitwayo Porky Pig's Feat, iliyoongozwa na Frank Tashlin. Porky, yule nguruwe, na Daffy, yule bata, wanadaiwa bili ya hoteli. Fedha ilikuwepo, lakini Daffy anaipoteza kwenye kamari humohumo hotelini. Kuanzia hapo ni vituko tu. Meneja anaporomoshwa kwenye ngazi, shuka zinageuzwa kamba ya kutorokea, lakini wapi! Meneja hawaachii. Mwisho wanafungiwa chumbani.

Basi wanampigia simu Bugs Bunny, sungura bingwa wa hila. Anawauliza kama wamejaribu mbinu hii na ile. Zote wamejaribu. Kumbe bingwa mwenyewe yuko chumba cha jirani, amefungwa minyororo!

Cheka, halafu tafakari: hata fundi wa kukwepa ni mfungwa.

Si ndivyo tunavyoishi? Unazunguka njia ndefu usipite dukani. Simu ikiita unaigeuza kifudifudi. Unamtuma mdogo wako aseme haupo. Sasa deni limezaa uongo, na mtoto umemfundisha. Na mwenye duka naye anadaiwa mahali.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba haki ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Ona, anasema nia. Mfuko unaweza kuwa mtupu, lakini nia isiwe tupu. Katekisimu nayo (KKK 2411) inahesabu kulipa madeni kuwa dai la haki, si hisani.

Yesu anashauri tupatane na mshtaki wetu tungali naye njiani (Mt 5:25). Na yule mtumishi wa Mathayo 18, kabla hajamkaba mwenzake, alifanya jambo moja jema: alipoletwa mbele ya bwana wake, alianguka akaomba muda. Akasamehewa lote.

Kwa hiyo, wiki hii mfuate unayemkwepa. Taja kiasi unachodaiwa, sema utaanza na ngapi na lini, kisha utimize. Na kama wewe ndiye unayedai, msikilize anayekuja kwa miguu yake mwenyewe.

Swali la kutafakari: ni nani ninayeogopa kukutana naye njiani, na kwa nini?

Tuombeane.